Karatasi Kati ya Sahani Mbili

"Beba sahani zako, Bana Thelma! Beba, ao nazitupa mu ziwa!"

"Awe, Mama Débora! Sahani za nsalamu hazirudi siku ileile. Unataka kuniletea mikosi mu nyumba?"

"Mikosi umeleta weye! Karatasi inasema mutoto wangu ni namba sitini na moja. Sitini na moja! Bale sitini beko wapi? Banakula wapi?"

Nilifika katikati ya maneno hayo, beseni la chisense, dagaa wa ziwa letu, kichwani, nikakuta sahani mbili za bati zenye maua mekundu zinavuka uzio wa matete. Zilikuwa zimefunikana mdomo kwa mdomo. Mama yangu, Débora, anazisukuma upande wa pili, Bana Thelma, jirani yetu Mbemba, anazirudisha. Jessy, msusi wetu, alikuwa barazani kwake na kichwa cha mteja kati ya magoti. Aliniambia bila kuulizwa:

"Hii ni mara ya tano. Mi nahesabu."

Kashikishi, mji wetu huku Zambia, ni hivyo. Ukikohoa bandarini, sokoni wameshakuchemshia majani. Wanawake waliokuwa wanaanika samaki mchangani waliacha mikeka kwa kunguru, wakaja kusimama vizuri, mikono kiunoni.

Mama akaniona.

"Laurentine. Kuya hapa. Nani anakuoa?"

"Mama?"

"Nauliza. Juu ya nini habari ya ndoa yako inanifikia ndani ya sahani, sawa vile mboga?"

Beseni lilitaka kunidondoka. Bana Thelma alinishika mkono juu ya uzio, macho yanamng'aa kama bibi harusi ni yeye. "Mwanangu, kijana ameandika. Ameandika! Mi njo shibukombe wake."

Kwa Wabemba, mwanaume akimtaka binti wa watu haendi mwenyewe. Anamtuma mshenga, ndiye shibukombe, na mshenga anapeleka nsalamu: kitu kidogo ndani ya sahani, sahani nyingine juu yake. Wazazi wakizibakiza, wamekubali kuongea. Wakizirudisha, basi, kijana akatafute kwingine. Sisi tuliotoka Pweto, Kongo, ng'ambo ya ziwa, tuna desturi yetu: mwanaume anaandikia familia barua. Sasa siku ile barua ilikuja ndani ya sahani. Desturi mbili zikakutana kwenye uzio mmoja, na kila mama akawa na uhakika kwa upande wake.

Na kijana mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa Kingsley, mpangaji wa Bana Thelma.

Ngoja niseme habari za Kingsley, maana ukimuuliza Jessy atakuongezea chumvi. Kingsley ni mwanasheria wa Lusaka. Alikuja na mkoba wa vitabu kuandika tasnifu ya udaktari juu ya sheria za kimataifa na haki za watu waliokimbia makwao. Alitaka kujua yale ambayo mataifa yaliandika na kutia saini kwenye mikutano yao mikubwa yanafika vipi huku, kwa mtu anayeuza dagaa. Mtaani wakasikia neno moja tu, udaktari. Wiki ya kwanza mlangoni kwa Bana Thelma palipangwa foleni ya miguu iliyovimba. "Mimi ni wa karatasi, si wa dawa," alikuwa anawaambia. Wakamjibu, "Sawa, Docteur, lakini uangalie tu."

Kibemba chake ni cha mjini, Kiswahili chake ni cha kununua nyanya. Mimi Kibemba nilijifunza sokoni kwa kutukanwa, Kiingereza nikakiokota kwenye ofisi za wakimbizi nikiwa na miaka kumi na tano, nimesimama mstarini na mama. Ndiyo maana akanichukua kuwa mkalimani wake. Miezi minne tulizunguka nyumba kwa nyumba, kambini hadi Chienge, watu sitini.

Siku moja alinipa neno refu la wanasheria, lile la kumkataza mwenye nchi asimrudishe mkimbizi kwenye hatari. Mzee tuliyekuwa naye alinitazama, anasubiri. Nikamwambia: "Papa, mutu akikimbia nyumba inayoungua, usimurudishe ati akachukue kitunga chake." Mzee akacheka, akaelewa, akasema yake yote. Tukiwa njiani Kingsley akasimamisha baiskeli. "Kuna rafu nzima za vitabu juu ya neno lile," akaniambia. "Hakuna mmoja aliyeweka kitunga." Akaandika kwenye daftari lake jekundu, kisha akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia kitunga.

Kuanzia hapo nikawa napaka mafuta miguu hata kama tunaenda shambani.

Basi, nilifungua zile sahani mbele ya mtaa mzima. Nikaona karatasi, na nikaijua kabla sijaisoma. Ilikuwa fomu ya ridhaa. Chuo kinadai kila anayehojiwa asaini fomu hiyo, na Kiswahili chake nilikiandika mimi, mstari kwa mstari, chini ya paa la Bana Thelma. Nilikuwa nimewasomea watu sitini kwa sauti. Pale juu, mahali palipokuwa patupu kila siku, palikuwa na jina langu kwa mwandiko wake wa kuinama. *Laurentine. Mhojiwa namba 61.*

"Isome!" mama akasema. "Ao ngoja, nimeisoma mi mwenyewe, macho yangu hayajafa." Akainyakua, akapanda juu ya kinu kilicholala ili wa nyuma wasikie. "Muskilize ndoa ya siku hizi. *Jina lako halitatajwa popote.* Mutoto wangu ataolewa bila jina! *Sauti yako itarekodiwa.*"

"Hiyo nzuri," mtu akasema nyuma. "Akikana maneno yake, unamupigia hiyo sauti asikie."

"*Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.* Wakati wowote! Hata sufuria iko mu moto!"

"Ala, wa kwangu alifanya hivyo na hakuniandikia," Jessy akasema.

"*Hutapata faida yoyote ya moja kwa moja.*"

"Hapo mwanaume amesema ukweli!" Wanawake wakapigana viganja.

"*Ukiwa na malalamiko, wasiliana na kamati.* Ndoa gani iko na kamati?"

"Hata kanisa iko na kamati," Bana Thelma akamtetea mteja wake, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"*Baada ya miaka mitano kila kitu kitachomwa moto.*" Mama akashuka kwenye kinu polepole. "Miaka mitano. Donc amepanga mpaka siku ya kuchoma."

Walicheka mpaka mteja wa Jessy akalia kwa kuvutwa nywele. Mimi sikucheka. Mama alikuwa ameruka mstari mmoja, na mimi nilikuwa naujua bila kuusoma. Mstari wa tisa. *Mtafiti hatakuwa na uhusiano wa kibinafsi na mhojiwa, sasa wala baadaye.* Mara sitini nilikuwa nausoma haraka, kama unavyopita mbele ya mbwa wa watu.

Wiki mbili nyuma nilimsikia Kingsley kwenye simu na profesa wake, spika imefunguliwa. Profesa alitaka sura nyingine: sheria inabadilika namna gani ikipita kinywani mwa mkalimani? Mhoji huyo msichana, alisema, bila sura hiyo kitabu hakipiti. Kingsley alikata simu, akanitazama, akafungua mdomo, kisha akauliza kama chai imebaki. Sasa ndiyo nikaelewa. Alikuwa ametakiwa achague kati ya sura na mimi, na amechagua sura. Kesho asubuhi basi la Lusaka linaondoka naye. Kwa watu wote wa uzio ule, karatasi ilikuwa posa. Kwangu peke yangu ilikuwa kwaheri, tena kwaheri ya kunitaka nisaini.

"Unalia juu ya nini?" mama akaniuliza, sauti imeshuka. "Ulijua mambo ya hawa sitini?"

Kabla sijajibu, baiskeli ikapiga kengele.

Kingsley alikuwa ametoka boma, kwenye ofisi za wilaya na posta, suruali imelowa matope hadi magotini. Aliona watu, akadhani kuna msiba, akavua kofia. Kisha akamwona mama yangu, akachuchumaa na kupiga makofi taratibu kama mwana aliyefunzwa. Kisha akaiona karatasi. Rangi ilimtoka.

"Nani ametoa hii kwenye kitabu changu?" akauliza kwa Kibemba.

Bana Thelma aliangalia mawingu. "Mvua inakuja."

"Bana Thelma."

"Nilikuwa nafagia!" Alijibu kwa Kiswahili ili mtaa umhurumie. "Nimeona karatasi, jina la mutoto iko juu. Chini iko na mustari wa mwanamuke kusaini, mustari wa shahidi, tarehe. Ningefikiri nini? Mwezi muzima huyu kijana anakula na macho mu uzio, nyama inapoa. Nikasema, hana shangazi hapa, hana shibukombe, mi nitakuwa. Nikatoa sahani zangu za harusi, zenye sijawahi kulia chakula!"

Kila mtu akageukia Kingsley. Yeye alikuwa ananiangalia mimi, na mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu, vilivyopakwa mafuta bure.

"Vizuri," mama akasema. "Mwenye karatasi amefika. Aseme mwenyewe. Laurentine, tafsiri."

"Mama, siwezi."

"Umetafsiri batu sitini, unashindwa na mumoja? Mi Kibemba sijui." Ni kweli, mtaa wote unajua hivyo. Miaka kumi na moja mama yangu anauza samaki Kashikishi kwa vidole na Kiswahili. Ukimwambia ajifunze, anakujibu kwamba mdomo wake umeshajaa. "Na usimame sawa vile kazini. Mukalimani anasema 'mimi', haongezi, hapunguzi. Si njo unatuhubiria kila siku?"

"Mi nitamuskiliza kwa upande wa Kibemba," Bana Thelma akasema, amepata kazi mpya. "Akiruka neno, napiga kelele."

Nikasimama kati yao. Kingsley akasimama pia, akakohoa kama yuko mbele ya hakimu.

"Bamayo," nikamtafsiria mama, "kwa heshima yote, hii karatasi imefika kwako bila mimi kuituma."

"Donc hamutaki mutoto wangu."

Niligeuza hilo kwa Kibemba. Kingsley akatikisa mikono yote miwili.

"Swali halijaulizwa vizuri," nikatafsiri.

"Eeeh!" mtaa ukaitikia. Mama alikunja mikono. "Alipange vizuri basi, yeye wa vitabu."

Aliongea polepole safari hii, sentensi fupifupi, akiniacha nimalize. Ndivyo alivyozoea kunifanyia kazini.

"Profesa aliniomba nimuhoji. Niliandika jina lake kwenye karatasi. Wiki mbili, kila asubuhi, ninaiweka mu mfuko nimupe. Kila jioni ninairudisha mu kitabu." Nikaonyesha karatasi kwa kidole. "Sababu ni mustari wa tisa."

Mama akainua karatasi karibu na macho. Midomo yake ikatembea. Wanawake walisogea karibu, na mama akasoma mstari wa tisa kwa sauti, bila utani. Hakuna aliyecheka.

"Sasa wala baadaye," Jessy akarudia. "Ala. Huyo aliyeandika, hana roho."

"Leo nimeenda boma," nikaendelea na maneno ya Kingsley, "nimemuandikia profesa kwamba ile sura..."

Nikakwama.

"Ameruka!" Bana Thelma akapiga kelele. "Kuna neno ameruka!"

"Sijaruka! Napumua!" Nikavuta hewa. "...kwamba ile sura haitakuwepo." Kisha nikamgeukia mwenyewe, nimesahau kazi. "Umefanya nini? Si alisema bila hiyo sura hawapitishi kitabu? Miaka minne, Kingsley!"

"Mukalimani haulizi maswali yake!" mama akanikemea. "Aendelee. Amalize."

Kingsley alimaliza kwa neno moja la Kibemba. Alilisema kwa sauti ya chini, lakini Kashikishi ina masikio.

"Nalimutemwa."

Wabemba wote walivuta pumzi kwa pamoja. Upande wa Wakongo wakanigeukia. "Anasema nini? Anasema nini?"

"Anasema," nikaanza, "anampenda..."

"Awe!" Bana Thelma alipiga uzio mpaka matete mawili yakavunjika. "Hajasema 'anampenda'. Amesema mimi! Sema sawa vile amesema!"

Nikainua macho, maana hapakuwa tena na mahali pa kuyaweka. Kingsley alikuwa pale, kofia inazungushwa mikononi, tope la boma linakauka kwenye suruali. Hakukohoa wala kuweka maneno yake ya mahakamani.

"Ninamupenda Laurentine," nikasema.

Neno lilikuwa la kwake na sauti ilikuwa yangu. Kwa muda kidogo sikujua ni nani kati yetu aliyesema. Vigelegele vilipanda. Mteja wa Jessy alisimama na nywele za upande mmoja, akacheza.

Mama peke yake hakucheza. Alisubiri kelele zishuke.

"Sasa na mi niseme, na utafsiri yote." Alikunjua karatasi, akaipapasa kama kitambaa anachokijua bei yake. "Sisi tuko batu ba karatasi. Tulisaini mu mpaka. Tulisaini tupate hema, tulisaini tupate unga, tulisaini ruhusa ya kutoka kuja kuuza hapa. Kila siku sisi njo tunasaini, wengine banashika kopi. Sijawahi kuona mutu anasaini mbele yangu mi nikimungojea. Muulize: yeye atasaini nini?"

Nilitafsiri. Sikuongeza, sikupunguza, na macho yangu yalijaa. Kingsley aliegemeza baiskeli kwenye uzio. Alitoa kalamu mfukoni, akanipa mimi kwanza.

"Chini kabisa," akaniambia. "Kile kisanduku kingine."

Nilikuwa nimekisahau. Watu sitini hakuna aliyewahi kukihitaji. *Sitashiriki.* Asiyeshiriki hafungwi na mstari wa tisa. Niliweka karatasi juu ya mgongo wa Jessy, aliyejitolea kama meza, nikatia alama nzito mpaka akasema aii. Nikaandika jina langu lote. Kisha Kingsley akainama palepale mgongoni, akasaini kwenye mstari wa mtafiti: ameona, ameelewa, na hatanihoji sasa wala baadaye. Mama alisimama juu yake mpaka alipoweka tarehe.

"Mara ya kwanza mutu anakataa," Kingsley akaniambia kwa Kibemba, anatabasamu kama aliyepewa shahada. "Imenichukua miezi minne."

"Na ile sura usiitoe," nikamwambia. "Andika juu ya kitunga. Mi nasema, weye unaandika, majina mawili juu. Jina langu, si namba."

"Profesa hatakubali."

"Nitaongea naye mi mwenyewe. Umuambie tu atafute mukalimani."

Bana Thelma alikuwa hasikii tena habari za sura. Alinyoosha shingo juu ya uzio. "Na sahani zangu? Mama Débora, zimebaki ao zimerudi? Nijue!"

Mama alizichukua zote mbili bila kujibu, akaingia jikoni. Tukasikia mwiko. Akatoka na bukari ya moto, ugali wetu, imepanda kwenye sahani moja kama kichuguu, na kwenye nyingine samaki wawili wa kukaanga juu ya sombe, majani ya muhogo. Akaziweka kizingitini.

"Sijazibakiza," akasema. "Bajomba bake hawajafika, siwezi kubakiza. Kesho apande basi lake, na likirudi bakuye ndani yake. Mais sijazirudisha pia. Sahani hairudi tupu."

"Lakini kwetu mukwe hali chakula nyumbani kwa mama mukwe mbele ya sherehe," Bana Thelma akakumbusha.

"Nani mukwe? Huyu ni mutu wa matope. Mutu wa matope anakula."

Mvua ikaanza kudondoka. Wanawake wakakimbilia mikeka yao. Kingsley alibaki mbele ya mlango wetu, kofia mkononi, ananitazama nimtafsirie. Nikafungua mdomo, lakini mama alinitangulia. Alimgeukia, akamwambia kwa Kibemba safi, cha heshima, cha mtu aliyekaa nacho miaka:

"Ingileni, mulye."

Nilishika nguzo. "Mama! Unajua Kibemba?"

"Miaka kumi na moja nauza samaki hapa. Ulizani bananiibia?"

"Donc ulisikia... tangu mwanzo... alivyosema..."

"Nilisikia yake." Akanisukuma pembeni ili mlango upate nafasi. "Nilitaka kusikia weye utaisema namna gani." Kisha akamshika kijana mkono wa shati na kumvuta ndani, maana mvua ilikuwa imemfikia shingoni. "Ingia, Docteur. Ingia ukule, bukari inapoa."